Tiba ya Mbali: Nani Atapiga Simu?

Haya wasomaji wangu, leo tuongee kuhusu tiba ya mbali, yaani yale matibabu ambayo mgonjwa yuko kwake, daktari yuko kwake, na kati yao kuna mtambo fulani. Waheshimiwa wetu wanapenda kuiita telemedisini. Wanaolipenda neno hilo ni wengi kuliko wanaojua linavyofanya kazi, na mimi ambaye ugali wangu unatokana na kuandika programu za kompyuta nimeketi katika mikutano ya kutosha kuona jinsi linavyowalevya watu.

Fanya jaribio hili dogo. Mwambie mtu yeyote akuchoree tiba ya mbali. Atachora skrini. Ndani ya skrini ataweka uso wa daktari, koti jeupe, na ile mirija ya kusikilizia moyo ikining'inia shingoni. Mbele ya skrini atamketisha mgonjwa. Basi, mchoro umekwisha. Hatachora muuguzi. Hatachora mhudumu wa afya wa kijijini aliyevuka mto kufika nyumba ya tatu asubuhi hiyo. Hatachora mulika mwizi, ile simu ya bei ya chini yenye tochi ambayo ndiyo mama yake mwenyewe anayo kule nyumbani.

Mimi nasema mchoro huo ndio unaotuponza. Tunanunua kile tulichozoea kukiona akilini, halafu tunashangaa kwamba watu hawaponi.

Picha yenyewe ni ya zamani sana. Aprili 1924 jarida la Radio News la Marekani lilitoka na jalada lenye mtoto mgonjwa aliyeketi mbele ya redio, na kwenye redio hiyo kuna kioo ambamo daktari anaonekana akimkagua. Wakati huo televisheni ilikuwa bado haijaonyeshwa. John Logie Baird alikuja kuonyesha yake jijini London Januari 1926. Mchapishaji wa jarida hilo, Hugo Gernsback, hakuishia hapo. Mwaka 1925 aliandika katika jarida lake jingine, Science and Invention, kuhusu mtambo aliouita teledactyl, ambao ungempa daktari mikono ya chuma ya kumgusa mgonjwa aliye mbali. Na kabla yake, mwaka 1909, Mwingereza E. M. Forster alitunga hadithi iitwayo The Machine Stops, ambamo mtu akiumwa mtambo unashuka kutoka darini, unamtia kipimajoto kinywani na kumsikiliza moyo. Forster alikuwa anaonya. Waliokuja baada yake wakaisoma hadithi kama orodha ya manunuzi.

Sina ugomvi na ndoto. Bila watu wa kuota, sisi wa kuandika programu tungekuwa bado tunahesabu kwa kokoto. Ila angalia kinachokosekana katika michoro yote mitatu. Mgonjwa yuko na mashine, daktari yuko ng'ambo, na hakuna mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ndiye ninayetaka kumzungumzia leo.

Watu wakitaka kukuthibitishia kwamba ndoto ya Gernsback imetimia, huwa wanakutajia upasuaji wa tarehe 7 Septemba 2001. Profesa Jacques Marescaux aliketi New York, akashika vidhibiti vya roboti, na kumtoa mama mmoja mfuko wa nyongo akiwa amelala mjini Strasbourg, Ufaransa. Upasuaji ulichukua chini ya saa moja. Amri ya mkono wake ilivuka bahari kwa nyaya za faiba, na kati ya kusogeza kidole na kuona matokeo kulikuwa na kama sehemu ya sita hivi ya sekunde. Kama mtu wa mitandao navua kofia. Hiyo ni kazi safi. (Siku nne baadaye ndege zikagonga majengo ya New York, na dunia ikawa na habari nyingine ya kuzungumzia.) Lakini mama yule hakuwa peke yake na roboti. Kando ya kitanda kulikuwa na madaktari wa upasuaji waliosimama tayari kushika kisu mawasiliano yakikatika. Wao hawamo katika picha tuliyobaki nayo.

Sasa linganisha na habari ambayo Wakenya wengi hawaijui ingawa nusu yake ilitokea hapa Nairobi. Mwaka 2011 shirika la Médecins Sans Frontières lilikuwa na daktari bingwa wa watoto aliyekaa Nairobi na kuzungumza kwa video na hospitali ya Guri'el, Somalia ya kati, mahali ambapo hali ya usalama haikuruhusu bingwa wa kigeni kwenda. Watoto 346 waliokuwa na matatizo magumu walijadiliwa kwa njia hiyo. Katika asilimia 64 ya kesi hizo matibabu yalibadilishwa kwa kiasi kikubwa, na kwa watoto 88 kuligunduliwa hali ya hatari ambayo ilikuwa imepita bila kuonekana. Watoto 88, jamani! Kwa hiyo asije mtu akasema mimi ni adui wa video. Lakini video ile ilifanya kazi kwa sababu upande wa Guri'el kulikuwa na matabibu Wasomali wakimshika mtoto, kumgeuza, kumpima na kujibu maswali, na upande wa Nairobi kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa pale. Skrini ilikuwa dirisha kati ya watu wawili wenye ujuzi, na mgonjwa hakuwahi kuachwa aongee na dirisha peke yake.

Tena sisi si wageni wa tiba ya mbali. Nenda pwani, Lamu au Mombasa, uulize wazee. Mganga wa falaki hahitaji kukuona. Anahitaji jina lako na jina la mama yako, anafanya hesabu zake, na jamaa aliyetumwa anarudi na kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa marashi ya waridi, mgonjwa anywe. Unaweza kuamini au usiamini, mimi hapa sipimi dawa. Napima mpangilio. Mgonjwa yuko mbali, mtaalamu yuko mbali, na kati yao kuna mtu mwenye miguu: anayejua kisa, anayefikisha swali, anayerudisha jibu, na anayeketi kando ya kitanda kuangalia kama hali inabadilika. Katika ubunifu wetu sisi wa kale, mtu wa tatu alikuwepo tangu mwanzo.

Hata madaktari wa ndege walilijua hilo. Michael Wood na wenzake wawili, wote wapasuaji, walianzisha huduma hiyo hapa Kenya mwaka 1957, ile ambayo leo ni AMREF. Wengi wanakumbuka ndege na Mama Daktari, Anne Spoerry, aliyeirusha mwenyewe miaka mingi kwenda kaskazini na Lamu. Ndege ni nzuri kwa kalenda ya ukutani. Lakini kulikuwa pia na redio. Zahanati na hospitali za misheni zilizokuwa mbali na barabara zilipewa redio za masafa marefu, na muuguzi aliyekwama na mgonjwa angeweza kuuliza Nairobi afanye nini. Mara nyingine ndege ilikuja. Mara nyingine jibu tu lilitosha, kwa sababu aliyelipokea alikuwa na mikono na alijua kuitumia.

Haya, tuje kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote.

Kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 538 wanaoishi na virusi vya ukimwi, ambao ndio walikuwa wanaanza dawa za kupunguza makali, waliandikishwa katika kliniki tatu: mbili Nairobi, moja Kajiado. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipata huduma hiyo hiyo pamoja na arafa moja kila wiki. Arafa yenyewe ilikuwa na neno moja: Mambo?

Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48. Akiwa mzima aliandika Sawa. Akiwa na tatizo aliandika Shida. Aliyeandika Shida alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Na aliyenyamaza pia alipigiwa. Basi. Hakuna skrini, hakuna uso wa daktari, hakuna hata intaneti. Mtandao wa kisasa zaidi uliohitajika ni ule ule uliokuwa ukibeba umbea wetu wa kila siku.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Waliosema wanameza dawa zao kama inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 kwenye kundi la arafa, na asilimia 50 kwenye kundi jingine. Na kwa kuwa mtu anaweza kukudanganya kuhusu vidonge lakini damu haidanganyi, walipima damu vilevile: virusi vilikuwa vimefifishwa kwa asilimia 57 ya kundi la arafa, dhidi ya asilimia 48. Pengo la asilimia tisa kwa neno moja la herufi tano. Niletee roboti lenye bei hiyo.

Nimefikiria sana kwa nini neno lile lilifanya kazi, na nina maoni yangu kama mtu wa seva na kama Mswahili wa kuokoteza.

Kwanza, ni salamu. Kwetu salamu ina deni. Ukisalimiwa na usijibu, umesema jambo, na aliyekusalimu ana haki ya kuuliza kulikoni. Wale waliobuni mfumo huu wangeweza kuandika "Kumbuka kumeza dawa zako", kama mifumo mingi inavyofanya, na wangepata kengele tu. Kengele huzimwa. Lakini "Mambo?" inaomba jibu, na ukimya wake unasikika. Sisi tunaolinda seva tunalijua jambo hili vizuri. Seva mbili zikishirikiana, kila moja hutuma ishara ndogo baada ya muda fulani, tunaiita pigo la moyo. Ishara yenyewe haina habari yoyote ndani. Habari iko pale inapokosekana: pigo lisipofika, mtu anaamshwa usiku. Kliniki zile ziliupa kila mgonjwa pigo la moyo, halafu zikaweka mtu wa kuamka.

Pili, neno lile lina stara. Mume, mama mkwe au mwajiri akiichukua simu yako na kuona "Mambo?", ameona nini? Hakuna. Ni arafa ambayo rafiki yeyote angetuma. Mtaalamu wa usalama wa data anaweza kukuandikia kurasa arobaini kuhusu faragha na asifike hapo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nyuma ya arafa kulikuwa na binadamu mwenye orodha na simu. Ondoa huyo, na Shida inakuwa neno linalokaa kwenye hifadhidata likingoja mtafiti. Mara nyingi nimesikia watu wakisimulia jaribio hili kama ushahidi kwamba arafa huponya. Arafa haikumponya mtu. Iliondoa mzigo wa kuwatafuta watu mia mbili na kitu ili mhudumu awatafute wale wachache wanaohitaji kutafutwa.

Sasa mniruhusu niwe mkweli, maana kuna wajuaji humu watakaonirukia. Kulikuwa na jaribio jingine la mfumo huo huo, safari hii Kibera, kwa watu 700, na matokeo yake yalitoka mwaka 2018. Swali lilikuwa tofauti: je, arafa ya kila wiki itawafanya watu waendelee kuhudhuria kliniki mwaka wa kwanza? Jibu lilikuwa hapana, hakuna tofauti kati ya makundi mawili. Wengine wanasema basi yale ya kwanza yalikuwa bahati. Mimi sioni hivyo. Kukumbuka vidonge na kubaki katika kliniki ni mambo mawili. Mtu aliyehama Kibera kurudi ushago kwa sababu kibarua kimeisha hawezi kurudishwa na salamu, hata ikiwa tamu namna gani. Pigo la moyo linakuambia seva imekufa, halikulipii umeme. Na ni vizuri majaribio yote mawili yalichapishwa, kwa sababu yanatuonyesha mpaka wa kifaa uko wapi.

Mfano mwingine uko Trans Nzoia, nao unarudi kwenye lile suala la picha akilini. Watafiti wakiongozwa na daktari wa macho Hillary Rono walichukua shule 50 na kuzigawa mara mbili. Zaidi ya wanafunzi 20,000 walipimwa macho. Katika shule 25 walimu walipima kwa programu ya simu iitwayo Peek; katika nyingine 25 walipima kwa chati ya kawaida. Unaweza kufikiri habari hapa ni simu kuchukua nafasi ya chati. Sivyo. Habari ni kilichotokea baada ya kupima. Katika shule za kawaida, mtoto aliyeonekana ana tatizo alipewa barua ya kumpeleka hospitalini, na kati ya watoto 366 waliopewa, waliofika ni 82. Asilimia 22. Katika shule za Peek, mzazi alipata karatasi yenye picha inayomwonyesha jinsi mwanawe anavyoona, ukungu mtupu, na baadaye arafa za kumkumbusha. Kati ya 531 walifika 285, yaani asilimia 54.

Kaa kidogo na hiyo picha ya ukungu. Mzazi anapoambiwa "mtoto wako haoni vizuri" anaweza kukataa. Mtoto huyo huyo anakimbia uwanjani na kuchunga mbuzi, haoni vipi? Lakini mpe mzazi macho ya mtoto kwa dakika moja na mjadala umekwisha. Hiyo ndiyo kazi ya ubunifu ninayoitaka katika teknolojia ya afya. Gernsback alimfanya msomaji amwone daktari. Karatasi ya Trans Nzoia ilimfanya mzazi aone kama mgonjwa. Na bado, nusu hivi hawakufika hospitalini, kwa sababu nauli ni nauli.

Sasa tuangalie tunachonunua. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodi vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, angalau mbili katika kila kaunti, kwa gharama ya awali ya takribani shilingi bilioni 38: mashine za eksirei, za kusafisha figo, za vyumba vya upasuaji na wagonjwa mahututi. Hospitali nyingi zilinufaika, nisiseme uongo. Lakini kamati maalum ya Seneti iliyotoa ripoti yake mwaka 2020 ilikuta pia vifaa vilivyokaa bila kufanya kazi. Pengine umeme haukutosha, pengine maji hayakuwepo, pengine mtaalamu wa kuendesha mashine hakuwahi kuajiriwa. Mashine ina mkataba, ina picha gazetini, ina mheshimiwa wa kuikatia utepe. Mtu wa kuiwasha hana lolote kati ya hayo, ana mshahara tu, na mshahara unarudi kila mwezi. Ndiyo maana tunapenda kununua mashine.

Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa na shirika fulani, jina nalihifadhi, lililotaka mfumo wa video kati ya zahanati zake na mji mkuu. Walikuwa na maelezo ya rangi, ukubwa wa skrini, nembo ikae wapi. Nikauliza: saa nane mchana siku ya Jumanne, zahanati ikipiga, nani anapokea? Wakaangaliana. Mmoja akasema daktari atakuwa "kwa mzunguko". Mzunguko upi? Basi hapo ndipo chai ililetwa.

Kuna watakaoniambia swali hilo limepitwa na wakati, kwamba sasa akili unde itapokea. Sawa, tulitazame hilo pia, na tulitazame hapa hapa Nairobi. Mwaka 2025 kliniki 15 za Penda Health zilichapisha matokeo ya kutumia akili unde kama msaidizi wa afisa wa kliniki, katika takribani ziara 40,000 za wagonjwa. Afisa anaandika anachokiona, na programu inamwonyesha kijani, njano au nyekundu. Nyekundu maana yake simama ufikirie tena. Madaktari waliokagua rekodi waliona makosa ya utambuzi wa ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Ni matokeo mazuri na nawapongeza. Ila soma mpaka ndani. Mwanzoni maafisa wengi walikuwa wakiziacha zile nyekundu bila kuzishughulikia. Hali ilibadilika kliniki zilipoanza kuwafuata watu wao, mwenzao akiketi nao, wakionyeshwa wanavyoendelea. Programu ile ile, ilipata mtu wa kuishika mkono. Na wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa kitakwimu. Kosa lililozuiwa kwenye rekodi bado lina safari ndefu hadi nyumbani kwa mgonjwa.

Kisheria hatuna kisingizio. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua afya ya kielektroniki kama njia halali ya kutoa huduma, na Oktoba 2023 tukapata Sheria ya Afya ya Kidijitali. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wenye kipimajoto, mashine ya shinikizo la damu na ya sukari, na simu yenye programu ya kuandikisha nyumba anazozitembelea. Nikiulizwa mradi mkubwa zaidi wa tiba ya mbali katika nchi hii ni upi, nitataja huo, ijapokuwa hakuna anayeuita hivyo. Ni yule jamaa wa kombe, sasa ana mashine ya kupima presha.

Na posho yake? Makubaliano yalikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Malalamiko ya posho kuchelewa yamesikika kutoka kaunti nyingi. Hebu fikiria mfumo wa kompyuta ambamo sehemu inayobeba kila kitu ndiyo inayolipiwa mwisho, halafu watu wanaitisha mkutano kuulizana kwa nini data haiingii. Mimi ningefutwa kazi kwa mchoro kama huo.

Kwa hiyo ndugu mwandishi wa programu, au wewe karani wa kaunti unayeandaa zabuni na umefika hapa kwa bahati mbaya, nakuomba jambo moja. Kabla ya kuandika neno skrini, jaza nafasi hizi: mgonjwa akisema Shida, jina la nani linatokea? Ana saa ngapi za kumpigia? Asipopiga, jina la pili ni la nani? Analipwa na nani, na tarehe ngapi? Ukishindwa kujaza, usinunue kitu kwanza.

Mimi ukurasa wa kwanza wa mfumo wangu nauona hivi. Hauna grafu. Una majina ya walionyamaza, aliyenyamaza muda mrefu zaidi akiwa juu kabisa. Mbele ya kila jina kuna saa zilizopita, kijiji, na jina la mhudumu anayetakiwa kupiga simu au kutembea. Kuna kitufe kimoja cha kupiga. Akimaliza kuongea anaandika kwa Kiswahili cha kawaida alichosikia, mistari miwili inatosha. Na pale juu kulia, mahali ambapo wengine huweka nembo ya mfadhili, kuna salio la simu ya mhudumu huyo. Likishuka chini ya shilingi 50 mfumo unamjazia wenyewe, bila fomu na bila kumwomba mtu sahihi.